Kinga ya Mtoto Dhidi ya Malaria: Haki, Si Hisani



Katika majira ya masika ya mwaka 2022 niliitwa kumzika mtoto wa miezi 19 katika kigango kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika. Homa ilikuwa imemshika siku ya Ijumaa. Jumamosi usiku akapatwa na degedege. Ziwa lilikuwa limechafuka, na wenye mitumbwi ya mashine hawakuthubutu kutoka mpaka alfajiri. Walipofika hospitalini Jumapili mchana, viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kwa kuishiwa damu. Alifariki dunia jioni ile.

Baada ya maziko mama yake alinijia. Alifungua pindo la kanga, akatoa kadi ya kliniki iliyohifadhiwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, akanipa. “Padre, tazama mwenyewe,” akasema. “Hakuna mahali nilipokosa.” Nilitazama, na ilikuwa kweli. Kifua kikuu, polio, pepopunda, dondakoo, kifaduro, surua: kila chanjo ilikuwa na tarehe yake. Mama yule alikuwa ametembea kwa miguu kwenda zahanati kila alipoitwa, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Katika kadi ile ulikosekana mstari mmoja tu, nao ni mstari wa ugonjwa uliomwua mtoto wake.

Ninaandika makala haya kwa sababu ya kadi ile. Maoni yangu ni haya: chanjo ya malaria kwa mtoto wa mwambao huu ni haki yake, wala si hisani anayofanyiwa na mtu. Na kwa kuwa ni haki, inatudai sisi sote. Inawadai wenye mamlaka waifikishe, na inatudai sisi wazazi, makatekista na viongozi wa walei tuidai kwa adabu, tuipokee kwa akili, na tuikamilishe.

Ugonjwa tuliouzoea

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Sisi wa Kigoma tumeizoea malaria mno, hata mtu akiulizwa hali yake hujibu, “Sijambo, ni malaria tu.” Neno hilo “tu” ndilo linalonitia hofu. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuumwa mara nyingi, mwili umejijengea kinga kiasi fulani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kinga hiyo haijakuwapo. Kwake homa ya leo huweza kuwa degedege ya kesho, upungufu mkubwa wa damu keshokutwa, na jeneza dogo kabla ya juma kwisha.

Historia ya mwambao wetu nayo inashuhudia. Mwezi Januari 1867 David Livingstone aliibiwa sanduku lake la dawa njiani, pamoja na kwinini yake, naye aliliona jambo hilo kama hukumu ya kifo. Alipofika Ujiji mwaka 1869 alikuwa mgonjwa wa kubebwa. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walipotumwa kuja ziwani mwaka 1878, mkuu wa msafara wao wa Tanganyika, Padre Pascal, alikufa kwa homa njiani kabla ya kuliona ziwa lenyewe. Wageni hao walikumbukwa, na majina yao yameandikwa vitabuni. Lakini ni nani aliyeandika majina ya watoto wa Waha, wa Wabembe, wa Wamanyema na wa Watongwe waliokufa kwa homa hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, na miaka yote iliyofuata?

Tusikane kwamba nchi yetu imepiga hatua. Mwaka 2008 uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania Bara walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Kufikia mwaka 2022 walikuwa 8 kati ya 100. Hiyo ni kazi ya vyandarua, ya vipimo vya haraka, na ya dawa mseto. Hata hivyo wastani wa taifa huficha mengi. Katika uchunguzi wa mwaka 2017 wastani wa nchi ulikuwa kama 7 kati ya 100, lakini mkoa wa Kigoma uliongoza nchi nzima: karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne alikuwa na vimelea. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi nne tu: Nigeria, Kongo, Niger na Tanzania.

Dawa nazo hazidumu milele. Sisi tuliokuwa wanafunzi katika miaka ya tisini tunaikumbuka klorokwini na jinsi ilivyotuwasha mwili mzima usiku kucha. Vimelea viliizoea, ikabidi iachwe mwaka 2001. Fansida ikashika nafasi yake, nayo haikudumu, tukaingia katika dawa mseto. Miaka ya karibuni watafiti wamekuta huko Kagera, mkoa jirani yetu, vimelea vilivyoanza kuikinza artemisinin, ambayo ni nguzo ya dawa mseto. Anayetegemea tiba peke yake amejenga nyumba juu ya mchanga.

Chanjo yenyewe, na ilikotoka

Chanjo ya kwanza ya malaria huitwa RTS,S. Watafiti walianza kuitengeneza mwaka 1987. Haina kimelea kilicho hai ndani yake, kwa hiyo haiwezi kumpa mtoto malaria. Humfundisha mwili kukitambua kimelea katika saa zile za kwanza, baada ya mbu kuuma na kabla kimelea hakijapata kujificha ndani ya ini na kuzaana. Chanjo ya pili, R21, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na kiwanda cha Serum Institute cha India. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza tarehe 6 Oktoba 2021 na ya pili tarehe 2 Oktoba 2023. Zote mbili hutolewa kwa dozi nne, kuanzia mtoto akiwa na umri wa miezi kama mitano.

Ni lazima niseme kweli juu ya nguvu yake, kwa maana ahadi kubwa kupita kiasi nayo ni namna ya uongo. Katika majaribio makubwa ya RTS,S ya mwaka 2009 hadi 2014, watoto waliopata dozi zote nne waliepushwa na malaria kwa mara kama 4 katika kila 10, na na malaria kali kwa mara kama 3 katika kila 10. R21 ilizuia takriban theluthi mbili ya malaria katika mwaka wa kwanza, mahali ambapo ugonjwa upo mwaka mzima. Mtu atasema, “Kumbe ni nusu kinga!” Namjibu: haba na haba hujaza kibaba. Ghana, Malawi na Kenya zilianza kuchanja watoto katika baadhi ya mikoa yao mwaka 2019. Baada ya karibu miaka minne ilionekana kwamba vifo vya watoto wenye umri wa kuchanjwa, kwa sababu zote zisizokuwa ajali, vimepungua kwa 13 katika kila 100. Kwa mhesabu wa karatasi hiyo ni tarakimu. Kwa kijiji, ni watoto wanaokuja kanisani Jumapili badala ya kwenda makaburini.

Sasa nawaomba mtie maanani jambo moja. Majaribio yale ya 2009 hadi 2014 yalifanyika katika nchi 7 za Afrika, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Watoto wetu wa Bagamoyo na wa Korogwe walichomwa sindano zile wakati hakuna aliyejua kwa hakika zitafaa kiasi gani. Hata R21 ilijaribiwa Bagamoyo. Kina mama wa Kitanzania walitoa mikono ya watoto wao kwa faida ya ulimwengu. Walakini, mpaka mwisho wa mwaka 2024 nchi 17 za Afrika zilikuwa zimeanza kuitoa chanjo ya malaria kwa watoto wao, na Tanzania haikuwa miongoni mwao. Kenya ilikuwamo. Msumbiji ilikuwamo. Kongo ilikuwa imeanza huko magharibi, upande wa bahari. Mwaka 2025 Burundi na Uganda nazo zikaanza.

Sisemi haya ili kumshitaki mtu. Naelewa kwamba kila nchi hupima gharama, majokofu, watumishi na vipaumbele vyake. Lakini tume ya Haki na Amani haikuundwa ili kunyamaza. Aliyelima shamba ana haki ya kuuliza juu ya mavuno. Mtoto wa Kagunga anaweza kusimama ufukweni na kuiona milima ya Burundi kwa macho yake. Mbu hajui mpaka. Je, kinga nayo ijue mpaka?

Hofu za wazazi

Nimesikia hofu nyingi, na kuzidharau si uchungaji. Wazazi hawa wanawapenda watoto wao, ndiyo maana wanauliza.

Hofu ya kwanza ni ya sindano na degedege. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu imekuwapo imani kwamba degedege huletwa na ndege au na pepo, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hii imejilisha yenyewe kwa miaka mingi: mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, hufikishwa hospitalini akiwa karibu kukata roho, huchomwa sindano, hufa, kisha watu husema sindano imemwua. Kilichomwua ni zile siku mbili zilizopotea. Ndugu zangu, mara nyingi degedege ya homa ni malaria iliyopanda. Na chanjo hutolewa kwa mtoto akiwa mzima, miezi mingi kabla hajaiona degedege.

Hofu ya pili ni kwamba Waafrika wanafanyiwa majaribio. Historia ya dunia inatupa sababu ya kuwa macho, wala simlaumu anayeuliza. Basi tuseme ukweli wote. Katika majaribio yale makubwa zilionekana dalili tatu zilizohitaji kuangaliwa zaidi: homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo, na vifo vya watoto wa kike. Hazikufichwa. Ndiyo sababu mojawapo chanjo ikapelekwa kwanza katika nchi tatu tu, chini ya uangalizi, kabla ya kuruhusiwa kwingine. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili zile hazikuwa na uhusiano na chanjo. Leo zaidi ya watoto milioni 2 wamekwisha kuipata katika nchi zile tatu peke yake. Iwapo Ulaya haiwachanji watoto wake, ni kwa kuwa Ulaya haina malaria. Na mzazi yeyote atakayechanjiwa mtoto wake ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na kujibiwa maswali yake, kabla ya sindano.

Hofu ya tatu ni ya wale wasemao: “Fedha hizo zinunue vyandarua.” Hoja hii ina uzito, kwa maana chandarua ndicho kilichookoa wengi. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba mtoto maskini achague ngao moja tu? Dozi moja ya R21 ilitajwa mwaka 2023 kuwa na bei ya dola 2 hadi 4 za Kimarekani. Taifa linaloweza kununua magari ya fahari haliwezi kusema kwamba kinga ya mtoto ni ghali mno. Nayo mataifa tajiri yasijisahau: mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuchangia Gavi, mfuko unaozisaidia nchi maskini kupata chanjo. Kinga ya mtoto isitegemee upepo wa siasa za mbali. Ni lazima nasi tuipe nafasi katika bajeti zetu wenyewe.

Kwa nini ni haki

Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyataja matibabu miongoni mwa haki za kila binadamu, pamoja na chakula na mavazi. Hakuyataja miongoni mwa sadaka. Tofauti ni kubwa. Anayepewa sadaka hushukuru na kunyamaza; anayestahili haki huuliza inachelewa wapi. Tajiri wa mjini akiugua mtoto wake saa nane za usiku, huwasha gari. Mvuvi wa Kalya au wa Mwamgongo hungoja ziwa litulie. Mahali ambapo tiba iko mbali, kinga inadaiwa zaidi, kwa sababu kinga hukaa ndani ya mwili wa mtoto, haingojei mashua. Hapo ndipo ninapoiona haki: yule aliye mbali zaidi na hospitali ndiye aliye na dai la kwanza juu ya chanjo, wala si la mwisho.

Kanisa letu la ziwani lina mfano wake. Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, alikombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alikaa pale mwambaoni akiwa mganga na katekista mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hakutenganisha katekesimu na dawa. Asubuhi alifundisha imani na mchana alifunga vidonda, na watu waliona kwamba ni kazi moja. Bwana wetu naye, alipoitwa na Yairo, hakumwambia kwamba magonjwa ya watoto si shughuli yake. Aliondoka, akaenda.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, kwa njia ya Halmashauri ya Walei, imwulize diwani wake, mbunge wake na mganga mkuu wa wilaya: chanjo ya malaria kwa watoto wa kijiji chetu imepangiwa nini? Tuulize kwa heshima na kwa maandishi, na tuweke nakala. Tufanye hivyo pamoja na ndugu zetu Waislamu wa Ujiji na wa vijiji vyote vya mwambao, maana mbu hamwulizi mtu dini yake. Wala tusiwasahau wakimbizi wa Nyarugusu. Mtoto wa mkimbizi naye ni mtoto.

Pili, tujiandae kukamilisha. Chanjo hii ni dozi nne, na ya mwisho huja katika mwaka wa pili, wakati mama amekwisha kuacha mazoea ya kliniki na pengine ana mimba nyingine. Penye chanjo hii, dozi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Familia zetu nyingi huhama na kambi za wavuvi, kwa hiyo kadi ihame na mtoto. Napendekeza kwamba siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa na wanaume wako nyumbani, ziwe siku za WAWATA na makatekista kupita nyumba kwa nyumba kukagua kadi. Na akina baba wawepo! Kadi ya mtoto si mali ya mama peke yake.

Tatu, tusijidanganye. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya mtoto kikawekwa ziwani kuvulia dagaa, kinaiba mara mbili: kinamwibia mtoto usingizi salama, na kinaliibia ziwa samaki wachanga. Najua njaa ndiyo inayosukuma, na njaa hiyo ni jambo lingine la haki ambalo tume hii italizungumzia. Lakini hatuwezi kuwadai wakubwa haki ya mtoto huku sisi wenyewe tumemvua chandarua chake. Mtoto aliyechanjwa bado alale ndani ya chandarua. Akipata homa, bado apimwe siku ile ile.

Kadi ile niliirudisha kwa mama yake, naye akaifunga tena katika pindo la kanga. Sikuwa na jibu la kumpa. Yeye alikuwa ametimiza wajibu wake mpaka mstari wa mwisho uliokuwapo. Tangu siku ile, kila ninapobatiza mtoto, huwaomba wazazi wanionyeshe kadi ya kliniki pamoja na cheti cha semina ya ubatizo. Wengine wameshangaa. Mimi naona ni swali moja lililoulizwa mara mbili: je, mtoto huyu mliyepewa, mko tayari kumlinda?

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni watoto wangapi wa chini ya miaka 5 tuliowazika katika miaka mitano iliyopita, na waliugua nini?

2. Ni nani kati yetu atakayepeleka swali la chanjo kwa diwani, na ataleta jibu lini?

3. Usiku wa leo, ni mtoto gani katika Jumuiya yetu atakayelala bila chandarua, nasi tutafanya nini kabla ya jua kuchwa?